Mwaka Ambao Hatukuchoma Miti ya Pamba

Harufu ya mwezi wa tisa, kwa mtu aliyekulia upande wetu wa Bariadi, ni moshi wa miti ya pamba. Pamba ikishavunwa na kuuzwa, miti yake hubaki shambani imesimama mikavu, na sheria inataka ing'olewe, ikusanywe na ichomwe kabla ya mvua, ili funza wasipate mahali pa kulala mpaka msimu ujao. Basi kila kaya ilikuwa na lundo lake, na jioni malundo yakiwashwa moshi ulitambaa chini chini, mzito na mchungu, ukaingia kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye maziwa, kwenye nywele. Ukienda kanisani Jumapili ulijua nani amechoma jana kwa kukaa tu nyuma yake. Mwaka mmoja tu moshi huo haukutoka kijijini kwetu. Nilikuwa darasa la sita, na kisa chake kilianza kwenye televisheni.

Rafiki zangu wa Dar es Salaam, watu waliosoma kama mimi na wengine kunizidi, hucheka nikiwaambia kwamba utotoni nilikuwa mtazamaji mwaminifu wa kipindi cha historia ya uhandisi. Wao waliangalia katuni. Huniuliza, kwa ule upole ambao watu wa mjini huwahifadhia watu wa mikoani, tulikuwa tunaelewa nini. Zamani nilikuwa nacheka nao, tena nachangia utani: naeleza jinsi televisheni ilivyokuwa ndogo kama kibuyu cha maziwa, jinsi ilivyoonyesha rangi mbili tu, nyeusi na ukungu. Siku hizi sicheki. Nimefika umri wa kutaka kujibu.

Televisheni ilikuwa ya Mzee Masunga, mkulima wa pamba aliyekuwa na ng'ombe wengi na majivuno ya kuwatosha ng'ombe wote hao. Aliiendesha kwa betri ya gari, ambayo kila Jumamosi aliifunga mwenyewe kwenye baiskeli na kuipeleka Bariadi mjini kuchajiwa, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine kuigusa. Antena aliiweka juu ya mlingoti wa miti mitatu ya mkaratusi iliyoungwa kwa bolti, mrefu kuliko mnara wa kanisa, jambo ambalo katekista alilisema mara mbili katika mahubiri bila kutaja jina. Jumapili saa kumi, jua likianza kulegea, televisheni ilitolewa nje na kuwekwa juu ya meza, na kijiji kikakaa chini. Mawimbi yalitoka mbali, yakafika kwetu yamechoka. Kati ya vipindi vyote, kimoja ndicho kilichofika saa hiyo bila kukatika: kipindi cha kigeni, cha Kiingereza, kilichoendelea wiki hadi wiki kana kwamba hakina mwisho, kikieleza jinsi watu wa kale walivyotengeneza saa, pampu, madaraja, injini za mvuke. Kilikuwa na jina lake. Sisi tulikiita Mafundi.

Aliyetutafsiria alikuwa Mwalimu Eliapenda, mwalimu wetu wa Kiingereza, aliyehamishiwa kwetu kutoka Same na ambaye mpaka leo sijui alimkosea nani huko. Alikuwa mwanamke mwembamba, mnyoofu, asiyeongeza chumvi. Mtu akipiga makofi injini ilipowaka, alinyamaza mpaka makofi yaishe, kisha akaendelea pale pale alipoishia. Kama hakujua neno alisema, "Hilo silijui," na tulimheshimu kwa hilo kuliko kama angejua yote. Nami nilikaa miguuni pake, mbele kabisa, nikirudia kimoyomoyo maneno ya Kiingereza ambayo sikuyaelewa. Nilikuwa nimeshaamua kwamba nitakuwa mhandisi. Hesabu zangu zilikuwa mbovu, lakini hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano.

Kati ya kijiji chetu na shule palikuwa na mbuga. Kwetu mbuga si mahali pa simba na watalii. Ni bonde la udongo mweusi ambalo kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu, na masika hugeuka uji. Hata mkokoteni wa ng'ombe haukuthubutu kupita. Kuanzia Januari, shule ilipofunguliwa, mpaka mvua zilipopungua, watoto wa upande wetu walibaki nyumbani wakiangalia bati za shule zinavyong'aa ng'ambo. Dada yangu Minza, aliyenitangulia miaka mitatu, alikuwa na kichwa cha hesabu cha ajabu. Alijumlisha mizani ya pamba akilini kabla karani hajatoa kalamu sikioni. Mbuga ilimfungia misimu miwili mfululizo. Alipofika darasa la saba jina lake halikuandikishwa kwenye mtihani, kwa kuwa mahudhurio yake yalikuwa na mashimo kuliko kitambaa cha kuchujia pombe. Mwaka uliofuata akaolewa kijiji cha Sola. Mama yangu, ambaye kwa desturi yetu tulimwita mayu, hakulia siku ya harusi. Alicheza, akagawa chakula, akawasindikiza wageni. Kisha akarudi, akasimama ukingoni mwa mbuga iliyokuwa imejaa maji, akaiangalia kwa muda mrefu kama mtu anayemwangalia mdeni. Sasa nilikuwa darasa la sita, na Januari iliyokuwa inakuja ilikuwa zamu yangu ya kuingia darasa la saba.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa nane. Mafundi wa siku hiyo walikuwa wanajenga reli, na katikati ya njia wakakuta tope lisilo na mwisho. Kila walichomwaga kilizama. Watu wa mjini kwao waliwacheka. Ndipo kwenye kioo, ndani ya ukungu wa mawimbi, tukaona wanaume wenye kofia wakibeba mafungu: vijiti vyembamba, vyeusi, vyenye matawi mafupi, vimefungwa katikati kwa kamba. Wakayatandaza kwenye tope, tabaka juu ya tabaka. Watu wote pale uwanjani wakainuka, wakasimama kwa magoti.

"Miti ya pamba!" alisema Mzee Masunga.

"Si miti ya pamba," alisema Mwalimu Eliapenda. "Ni vichaka vya huko. Jina lake silijui."

"Mwalimu, mimi nimelima pamba kabla wewe hujazaliwa. Naijua nikiwa nimefumba macho."

"Huko ni baridi, mzee. Hawalimi pamba."

"Kama hawalimi pamba," aliuliza mayu kutoka nyuma, "hayo mashati waliyovaa ni ya nini?"

Kijiji kikacheka, na hoja ikaishia hapo. Nasema wazi: Mwalimu alikuwa sahihi, nasi tulikosea, kijiji kizima kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo. Mtu wa mahindi asingekosea vile. Lakini sisi tulikuwa tumeng'oa miti ile, tumeibeba, tumefunga mafungu yake kila mwaka wa maisha yetu, na hatukujua kitu kingine duniani ambacho mtu angekifunga namna ile. Mwalimu akarudi kwenye kazi yake. Wanaume wa kwenye kioo waliendelea kubeba, tope likaendelea kumeza. "Anasema miezi ilipita," alitafsiri. "Anasema ilikuwa haionekani hata dalili. Wakaendelea kutupa." Akatugeukia. "Wakaendelea kutupa. Ndivyo anavyosema." Mwishoni treni ikapita, na tope likatulia chini yake.

Nyumbani, baba alikuwa tayari amekusanya lundo letu kwa ajili ya kuchoma. Baba alikuwa mtu mwema na mwoga, mchanganyiko ambao nimeurithi wote. Asubuhi ya Jumatatu alitoka na kiberiti akamkuta mayu amekaa juu ya lundo.

"Ondoka, mama Minza. Bwana shamba atatupiga faini."

"Atupige. Wewe ulipoteza mtoto mmoja kwenye mbuga ile ukasema ni mvua. Huyu wa pili utasema ni nini?"

Baba alirudisha kiberiti mfukoni. Kufikia jioni alikuwa anapita nyumba kwa nyumba akiomba watu wasichome, kwa sauti ya chini, akiangalia nyuma kila baada ya hatua chache. Kilichomsaidia ni kwamba ulikuwa msimu wa ngoma. Baada ya mavuno vijana wetu hugawanyika, Bagika huku na Bagalu kule, wakashindana kwa nyimbo, kwa dawa, kwa nyoka, kwa chochote kitakachovuta watazamaji wengi. Mayu akaenda kwa viongozi wao akawaambia, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba kundi jingine linawacheka, linasema hawawezi kujenga njia juu ya mbuga. Siku mbili baadaye Bagika walikuwa wanatandaza mafungu kutoka upande wetu na Bagalu kutoka upande wa shule, mbuga ikiwa kavu na ngumu, kila kundi likiimba matusi yaliyopangwa vizuri ya kulidhihaki jingine. Mafungu yalifungwa kwa kamba za katani, yakalazwa tabaka moja kwa urefu, jingine kwa upana, kama tulivyoona. Nilibeba mafungu mpaka mabega yakachubuka, na kila nililolitupa nililitupa kwa mtindo wa wale wanaume wenye kofia, nikijiona mhandisi mkuu, mpaka mwimbaji mmoja wa Bagalu akanitungia ubeti kuhusu mtoto anayebeba kijiti kimoja na kusimama kama ameshika dunia. Ubeti huo bado unajulikana kijijini.

Bwana shamba alikuja siku ya mwisho ya kuchoma ilipokaribia. Alikuwa kijana mwenye pikipiki na kitabu cha faini, na sitaki kumfanya adui. Sheria yake ilikuwa na maana, na funza wa pamba si hadithi. Aliona tuta la miti ya pamba limekatiza mbuga, refu, limerundikwa na bado halijafunikwa, akashika kichwa.

"Hamkuchoma hata mmoja?"

"Tutaizika, bhabha," alisema baba. "Itakaa chini ya udongo na maji. Funza watakufa maji."

"Sheria haisemi kuwazamisha. Inasema kuwachoma. Kesho nakuja na mgambo, nachoma mwenyewe."

Ni saa ngapi usiku ule mayu aliwapitia wanawake wote, sijui, kwa maana nilikuwa nimelala. Najua nilichokiona asubuhi. Ulikuwa wakati wa michembe, viazi vitamu vinavyokatwa vipande na kuanikwa mpaka vikauke, chakula kinachotuvusha miezi ya njaa kabla ya mavuno mapya. Kila nyumba huanika vyake uani au juu ya mawe. Asubuhi hiyo nyua zilikuwa tupu. Michembe yote ya kijiji ilikuwa imetandazwa juu ya tuta la miti ya pamba, kutoka ukingo hadi ukingo, vipande vyeupe vimepangana juani kama meno. Wanawake walikaa kando wakikata vingine. Bwana shamba alizima pikipiki. Mgambo wawili walioletwa, ambao wote walikuwa wenyeji wa upande huo, walikataa hata kushuka.

"Mwadila, bhabha," mayu alimwamkia kwa adabu zote, ingawa bado ilikuwa asubuhi na salamu ile ni ya mchana. Nadhani alitaka aelewe kwamba kwake siku ilikuwa imeshaanza zamani. "Umekuja kuchoma?"

"Mayu, toeni viazi hivi."

"Havijakauka. Ukitaka kuchoma, choma. Ila anza na hivi vya kwangu, halafu ukamweleze mkeo jioni umechoma nini leo."

Mtu mmoja alicheka. Bwana shamba alitembea kando ya tuta lote, taratibu, akiangalia mafungu, akivuta kamba hapa na pale. Nilimfuata kwa mbali, kwa kuwa nilielewa kwamba kilichokuwa kinapimwa pale ni mimi: kama tuta lingewaka, Januari ningekuwa nyumbani, na baada ya hapo ningekuwa Sola au mahali kama Sola. Mwishoni alisimama akauliza nani alituonyesha kufunga hivi. Tukamwambia. Kisha akasema atarudi baada ya wiki mbili, na akirudi asione mti wa pamba hata mmoja, si shambani, si mbugani. "Mtauficha vipi si kazi yangu," alisema. "Nitaandika shamba ni safi." Bagika na Bagalu walibeba changarawe kutoka mlimani kwa mikokoteni, kwa ndoo, kwa karai, na aliporudi alipita juu ya tuta kwa pikipiki yake mpaka ng'ambo. Hakusimama kusalimia mtu.

Natamani niseme kwamba mvua zilipokuja tuta likasimama imara na mimi nikavuka nikiwa na daftari kichwani. Wiki ya kwanza ya Januari maji yalishuka kutoka vilimani na tuta likaanza kutikisika kama godoro. Siku ya tatu, katikati, kipande cha urefu wa mikokoteni miwili kilitoweka. Hakikubomoka; kilizama tu, kwa ustaarabu, kama mtu anayeketi. Tulirundikana ukingoni. Baba alisema, "Basi," na sauti yake ilikuwa na nafuu ndani yake, ile nafuu ya mwoga anapoona amekuwa sahihi. Watu wakaanza kugeuka. Ndipo kutoka ng'ambo, upande wa shule, mvua ikinyesha, tukamwona Mwalimu Eliapenda amesimama na mwavuli, ameweka mkono mdomoni kama tarumbeta. Mwanamke yule asiyeongeza chumvi, asiyejua kupaza sauti hata darasani.

"Endeleeni kutupa!"

Tukatupa. Mafungu yaliyobaki, minyaa iliyokatwa kwenye uzio, nyasi za paa la zizi, mkokoteni mbovu wa mjomba wangu, milango miwili. Mbuga ikala vyote. Nilikuwa natupa nikilia, na naona haya kidogo kusema kwamba nililia kwa hasira, si kwa huzuni, kwa kuwa ilionekana ni uonevu kwamba kwenye televisheni miezi ilipita kwa dakika moja na sisi ilibidi tuipitie yote. Alasiri hiyo Mzee Masunga aliondoka. Tulidhani amechoka. Alirudi na vijana sita wamebeba mlingoti wake wa antena, miti mitatu ya mkaratusi, bolti na vyote.

"Mzee, na fainali ya mpira je?" mtu aliuliza.

"Mtasimuliwa," alisema. "Shikeni."

Wakailaza kwa urefu, kutoka tuta zima la huku hadi tuta zima la kule, na juu yake tukaweka mafungu mengine. Haikuzama. Tuliisubiri izame, tukakaa mpaka giza linaingia, na haikuzama. Asubuhi nilivuka kwenda shule, udongo ukinesa chini ya miguu, huku baba akinishika mkono ingawa nilikuwa mkubwa wa kutoshikwa. Mwaka ule nilikosa siku chache kuliko vidole vyangu vya mkono mmoja. Jina langu likaandikishwa. Na televisheni ya Mzee Masunga haikuonyesha kitu tena mpaka alipokufa. Mafundi waliendelea bila sisi, hatukujua wamefika wapi.

Hapa ndipo msomaji anasubiri niseme nikawa mhandisi. Sikuwa. Hesabu zilinikamata kidato cha tatu kama nilivyostahili, nikasoma mambo ya maandishi, na leo naandika makala kama hii na siwezi kubadilisha hata balbu bila kupiga simu. Juu ya tuta walipita watoto wengine waliokuwa bora kunizidi. Kila mwezi wa nane waliongeza mafungu mapya, kwa kuwa ya chini yaliendelea kushuka, na kila bwana shamba mpya ilibidi afundishwe tena.

Mwaka jana barabara ya kweli ilifika, na kalavati la zege likajengwa mbugani. Nilikuwa nyumbani. Katapila lilipochimba lilitoa udongo mweusi, kisha mafungu, meusi na mazito kwa maji, kamba za katani bado zimeshika, kisha mkaratusi wenye bolti. Mhandisi, kijana safi mwenye buti za njano, alimwuliza mayu nani aliwachorea.

"Televisheni," alisema mayu.

"Bibi, hii si ya kitaalamu. Haikutakiwa kubeba hata baiskeli."

"Imebeba huyu," alisema, akinionyesha mimi na kilo zangu zote.

Aliwaagiza vijana wampelekee nyumbani mkaratusi mmoja uliokuwa bado mzima. Sasa umesimama uani kwake, na umefungwa dishi la king'amuzi, chini karibu na ardhi, mahali ambapo fundi alikataa kulifunga mpaka mayu akamlazimisha. Kipindi chetu bado kipo. Kimebadilisha watangazaji, kimepata rangi, siku hizi kina sauti ya Kiswahili, na nyakati nyingine hurudia mambo ya zamani. Krismasi iliyopita tulikaa sote sebuleni, mayu, mimi, na Minza aliyekuja kutoka Sola kwa kupita juu ya kalavati, wakaonyesha tena ile reli na lile tope. Picha sasa ni safi. Kila jani linaonekana. Sauti ikamtaja mhandisi mkuu kwa jina lake lote, ikaeleza alizaliwa wapi. Wanaume wenye kofia waliokuwa wanabeba hawakutajwa hata mmoja.

Minza aliangalia mpaka treni ikapita. "Mngeanza kutupa miaka mitatu mapema," alisema, bila kumwangalia mtu. Mayu alimshika goti na hakuutoa mkono.

Sauti ya kwenye televisheni ikaeleza kwamba mafungu yale yalikuwa ya vichaka vifupi vinavyoota kwenye nchi za baridi.

"Mwongo," mayu akaiambia televisheni. "Ile ni miti ya pamba." Akanigeukia mimi, mwenye shahada mbili ukutani kwake. "Kabula, wewe umesoma. Ile si miti ya pamba?"

Niliangalia vizuri. Nilisogea hata karibu na kioo, kama zamani.

"Ni miti ya pamba, mayu," nilisema.